Kinyama Kilichorudi

Kinyama kilikuwa kimejikalia kwenye ufizi, katikati ya magego mawili ya chini, chekundu, kikubwa kama harage, kikivuja damu kila nilipokigusa. Mgonjwa wangu, mama mshonaji wa nguo, alifumba macho, akashika mkono wa kiti.

"Kimeshakatwa mara ngapi, mama?"

"Mara mbili, daktari. Kinarudi."

"Kilipelekwa maabara?"

"Wapi! Kilitupwa kwenye ndoo. Nikaambiwa ni kinyama tu, nizidishe mswaki."

Nilichemka. Jamani, ni daktari gani huyo? Kinyama kikirudi kina sababu: pengine ugaga, ule uchafu mgumu wa meno, uliojificha kwenye mzizi wa jino, pengine jambo baya zaidi, na jicho tupu haliwezi kutofautisha. Na picha ya taya ilionyesha mfupa umeanza kulika! Mtu anakata juu, chini hakwangui, kisha lawama anamtupia mgonjwa. Nikamwambia muuguzi, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye foleni, kwamba watu wa aina hiyo wanyang'anywe mikasi, wakafyeke nyasi.

Muuguzi hakucheka. Alikuwa ameinamia kadi ya mgonjwa.

"Daktari, hebu isome mwenyewe."

Miaka mitatu iliyopita: *Kinyama kimeondolewa. Apige mswaki.* Chini yake, sahihi yangu, ile yenye mkia mrefu ninayojivunia. Mwaka jana, maneno yaleyale, mkia uleule.

Nilitafuta kisingizio. Siku hizo foleni ilifika getini, na kweli ilifika. Lakini chupa za kuhifadhia vipimo zilikuwa kabatini, hatua mbili tu kutoka nilipokuwa nimesimama. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Niliona haya hadi masikio yakawaka.

"Mama, ulijua ni mimi?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Alijifuta mdomo, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nilisema. Mara ya pili nilikuambia kinarudi. Ukaniuliza kama nyumbani kwangu kuna mswaki."

Nilimchoma ganzi. Nikakata, nikakwangua mzizi mpaka ukawa laini, nikakitia kinyama kwenye chupa. Kwenye fomu ya maabara palipouliza historia, niliandika: *Kimekatwa mara mbili, na mimi, bila kupimwa.* Muuguzi alisoma, akaigonga muhuri.

"Majibu baada ya wiki mbili, mama."

Alishuka kitini taratibu, mdomo umepinda kwa ganzi.

"Na kikiwa kibaya," akauliza, "hii miaka mitatu atanirudishia nani?"

Nilikuwa nimeishika chupa kwa mikono miwili. Naye hakuondoka.