Mashangazi Watatu na Bawa la Semeni

Usiku wa jana niliota nimekaa juu ya buti la gari la mashindano la mdogo wangu Semeni, nimevaa kanzu ya harusi, na bawa la nyuma nililolifunga kwa mikono yangu limeninunia.

Sikushangaa. Semeni mwenyewe alikuwa amenuna tangu juzi, gari lake lilipoteleza mkia kwenye kona ndefu likaenda kujibamiza kwenye matairi. Alitoka mzima, lakini mama aliapa kwamba likiteleza tena anawaita watu wa vyuma chakavu. Na mashindano ni leo. Mimi, fundi bodi, nilisema kosa ni la dereva. Bawa langu, ule ubao wa kudaka upepo ili mkia ukandamizwe, lilikuwa limelala chini kabisa, nyuma ya kioo cha nyuma, limependeza, na sikuwa tayari kuliinua lifanane na kamba ya kuanikia nguo.

"Sina kazi," bawa linasema.

"Unayo. Unapendeza."

"Hapa uliponiweka hafiki mtu. Upepo wote unapita juu ya paa, mimi naambulia vumbi."

"Upepo ni upepo. Utafika tu."

"Haya, waulize wenyewe. Wale wanakuja."

Gari linakimbia. Semeni yuko kwenye usukani na hanisemeshi. Mbele yetu wanatokea wanawake watatu wanene, wamevaa kanga za sare, wanaelea usawa wa boneti na mikoba yao.

"Hodi!"

"Karibuni. Shikamooni."

"Marahaba. Sisi upepo," anasema mkubwa wao, Bi Mwanaheri. "Ni mashangazi zako, wa upande wa baba. Viti viko wapi?"

Wanapanda kioo cha mbele, wanavua ndala, wanatembea juu ya paa kwa adabu. Paa linapoishia, wanaporomoka. Wanazunguka nyuma ya kioo kama nguo kwenye mashine ya kufulia, kanga zinasokotana, mikoba inapotea. Bawa hawalioni kabisa.

"Kaka, mkia!" Semeni anapiga kelele. Kona ile ndefu inakuja.

Ghafla tuko sebuleni kwetu. Gari limekuwa zulia, ila bado linakwenda mbio, na kona inatungoja mwisho wa korido. Bi Mwanaheri anafunga kanga yake upya.

"Mrisho, kwenu mgeni anakalishwa nyuma ya kabati?"

"Hapana, shangazi."

"Basi inua hilo bawa lizidi paa, tulione, tulikalie. Tukishakaa, gari halibanduki. Unayaona mapaja haya?"

"Nayaona."

"Ni ya kazi."

Ninalegeza nati kwa kijiko, maana spana imekataa kuingia sebuleni na viatu. Naliinua bawa, na kwa hasira nalisimamisha wima. Mashangazi wanalivaa uso kwa uso, wanabaki wameligandia. Gari linapunguza mwendo. Kuku anatupita, tena anaringa.

"Sisi tumekuja kukaa, wewe unatujengea ukuta? Lilaze kidogo!"

Nalilaza. Wanakaa wote watatu, mikoba mapajani. Mkia unatulia chini. Hapo hapo pua ya gari inainuka.

"Kaka, nazungusha usukani lakini naona mawingu tu!"

"Mmoja aende mbele," anaamuru Bi Mwanaheri. "Mize, wewe ndiye mdogo, nenda."

Bi Mize anakwenda, anachungulia bampa, anarudi amevimba. "Mbele hakuna kiti."

Ni kweli, hakuna. Sikuweka. Korido imekwisha, kona ndiyo hii, Semeni anaita jina langu.

Nikaamka, shati limelowa jasho. Nje kulikuwa kumekucha na hewa imetulia, hata jani la mgomba halitikisiki. Sikumwambia mtu. Nilichukua spana, nikaliinua bawa mpaka likazidi paa, nikalilaza kidogo. Sasa lilifanana kabisa na kamba ya kuanikia nguo.

Nilipokaza nati ya mwisho, springi za nyuma zikalia. Mkia ukashuka kidogo. Ukashuka tena.

Semeni akatoka na helmeti kwapani. "Kaka, unangoja nini?"

"Wa tatu."

Aliniangalia kama vile nina homa. Mimi nikaingia jikoni, nikachukua sinia kubwa la mama la pilau, nikalikata katikati, nikafunga kipande chini ya bampa ya mbele. Nilijua nitaulizwa. Potelea mbali, mdogo wangu ninaye mmoja.

Semeni aliweka mkono juu ya boneti, ainame aone ninachofanya. Pua ya gari ikashuka, polepole, ikatulia.

Akauondoa mkono; pua ikabaki chini. Akanitazama, akaitazama migomba, akaitazama boneti.

"Shikamoo," akasema.