Mawimbi Yaliyosogea

Kaka yake alipopiga simu mchana ule, mwanafizikia alikuwa maabara, ameinamia koili, waya uliosokotwa wa sumaku, anakaza skrubu.

"Baba ametutoka," kaka alisema.

"Sawa," alijibu, akashangaa kusikia neno hilo likimtoka. Aliirudisha simu mfukoni, akamalizia skrubu.

Mwenzake, fundi sumaku waliyemwita Babu Koili ingawa hakuwa na mvi hata moja, hakusikia kitu kwa kelele za pampu. Kesho yake kinu cha nyuklia kilichowapa neutroni za jaribio lao kingezimwa kwa matengenezo, na neutroni hizo zingekatika.

Neutroni ni chembe ndogo kupindukia, lakini ina usumaku wake, mfano wa sindano ya dira. Wawili hao walikuwa wakiizungusha sindano hiyo kwa koili mpaka irudi ilikoanzia. Neutroni husafiri pia kama mawimbi, na nadharia ilidai kwamba hata sindano ikirudi palepale, mawimbi hayo yatakuwa yamesogea, na kiasi cha kusogea kitafuata umbo la njia iliyopitiwa, si kasi ya kuipita.

Jioni mstari ulijichora kwenye skrini. Ulikuwa umesogea hadi palepale walipokadiria. Babu Koili akaipiga meza kofi.

"Tumeipata, dada. Mpigie mzee wako, maana kila tukionana ananiuliza kama hizo punje zetu zimeshafika."

"Alifariki mchana."

Babu Koili alimtazama, mkono ungali mezani. "Na ukakaa hapa?"

"Sikujua nikae wapi."

Hakumlaumu. Alizima pampu, akachukua funguo za gari, akampeleka nyumbani kwao.

Viatu vilijaa mlangoni. Shangazi alimkumbatia, naye akaona kama anayekumbatiwa ni mtu mwingine. Kaka akamvuta jikoni, macho mekundu.

"Tumekusubiri mpaka tumechoka. Kazi gani hiyo isiyongoja?"

Dada akaanza kueleza: sindano, koili, mawimbi. Sauti ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesoma tangazo. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, pengine kwa uchovu tu.

"Kwa hiyo mmeona?"

"Tumeona."

"Angefurahi," kaka alisema, akageukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Dada alitamani kulia naye, lakini machozi hayakuja. Sinki lilikuwa limefurika vikombe vya wageni. Akakunja mikono ya shati, akafungua bomba, akaanza kuosha. Punde kaka naye akachukua kitambaa, akawa anafuta.