Vicheko vya Ngazini

Tangu ujana wake Boualem aliandika na kutayarisha michezo ya kuchekesha ya televisheni, ile ya Ramadhani ambayo Algiers nzima huitazama mara baada ya kufuturu. Wakubwa wa kituo walikuwa na takwimu zao. Yeye alikuwa na ngazi za jengo la ghorofa alimoishi. Mchezo ukianza, aliacha supu yake ya shorba ikipoa, akaenda kusimama ngazini asikilize vicheko milangoni. Wasipocheka, kesho yake aliandika upya.

Mwaka ule wanamgambo wa dini, wenye ndevu ndefu, walikuwa wakiwaua wacheshi mchana kweupe. Asubuhi moja mkewe, Djaouida, alikuta mlangoni kipande cha sanda na sabuni ya kuoshea maiti. Kaka yake aliyekuwa Marseille alishawaandalia pa kukaa, lakini Boualem, mtu mwenye kichwa kigumu kupita kiasi, hakutaka kusikia.

"Siku watakayoacha kunicheka, nitaondoka," alisema.

Jioni hiyo mchezo ulimhusu muuza ndevu za bandia aliyezidiwa na wateja. Djaouida alimsihi mumewe asitoke. Akatoka. Mwanamke wa watu akabaki mezani, akitega sikio kwa hatua za watu au mlio wa bastola. Hakusikia chochote, na kimya hicho kilimtisha zaidi.

Mchezo ulipoisha Boualem alirudi, uso umemsawijika.

"Hakuna aliyecheka. Jengo zima, Djaouida. Hata Lalla Zoulikha." Huyo alikuwa mjane wa ghorofa ya chini, ambaye kicheko chake kilikuwa kikifika mpaka barabarani. "Nimekwisha. Fungasha, twende kwa kaka yako."

Djaouida alishuka kumwachia mjane ufunguo. Lalla Zoulikha alifungua mlango kidogo tu. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na mkononi alishika kitambaa cha jikoni kilicholowa.

"Mwanangu, mbavu sina," alinong'ona. "Ndevu zile! Nimekiuma kitambaa mpaka meno yananiuma. Siku hizi tunacheka hivi sote, maana hujui nani yuko nyuma ya ukuta anasikiliza. Mwambie mumeo hajawahi kutuchekesha hivi."

Djaouida alimkabidhi ufunguo, akapanda ngazi. Boualem alikuwa ameketi kando ya sanduku tupu, akimwangalia kama mtoto anayesubiri matokeo.

"Amesemaje?"

"Amesema hukumchekesha," Djaouida akajibu, akaanza kukunja mashati yake.