Uwanja Mweupe wa Mwalimu Fagio

Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, binti yangu wa darasa la tatu alirudi nyumbani na viganja vilivyovimba kwa fimbo. Nilimuuliza alikosa nini.

"Mama, tulikataa kung'oa nyasi."

Shule yetu imejengwa kwenye mteremko. Mwalimu mkuu, ambaye watoto humwita Mwalimu Fagio akiwa hayupo, hapendi kuona hata jani moja limeota uwanjani. Kila Jumanne watoto huenda na majembe, wakaukwangua uwanja mpaka ubaki mweupe, kisha wakaufagia. Kwa njia hiyo shule hupata kombe la usafi. Na kila mvua inaponyesha, uwanja huo huteremka bondeni kidogo kidogo. Ukuta wa nyuma wa darasa la tatu umebaki na msingi uchi. Mtu anaweza kupenyeza mkono chini yake hadi kwenye kiwiko. Nimeupenyeza mimi mwenyewe, kwa sababu sisi wa kisomo cha watu wazima hukutana katika chumba hicho hicho alasiri. Dawati la binti yangu liko kando ya ukuta huo, chini ya ufa unaopitisha mwanga wa jua.

Siku moja kabla ya fimbo hizo, mwalimu wa darasa alileta mabeseni mawili mabovu, yaliyopasuka ukingoni, yakiwa yamejaa udongo. Moja lilikuwa na nyasi zake, la pili lilikuwa na udongo mtupu. Aliyainamisha, akawapa watoto kopo lililotobolewa wayanyeshee maji kama mvua. Beseni la nyasi lilitoa maji karibu safi. Lile jingine lilitapika tope, likabaki na mifereji na vijibonde.

"Hivi ndivyo mabonde yanavyochimbwa," aliwaambia, "na hivi ndivyo shamba la mtu linavyohama bila mwenyewe kujua."

Watoto walitazama dirishani. Hakuna aliyehitaji kuwaonyesha kitu. Kesho yake wakaweka majembe chini, na wa kwanza kuliweka alikuwa wangu.

Jumatano asubuhi nilikwenda shuleni, hadi ofisini kwa Mwalimu Fagio, bila hata kunywa chai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

"Sitaki kiti. Mtoto wangu kapigwa kwa kosa gani?"

"Ukaidi. Leo nyasi, kesho atakataa hesabu."

"Si amefundishwa na mwalimu wako humu humu?"

"Lile lilikuwa somo la sayansi, mama. Huu ni usafi. Ni vipindi viwili tofauti."

Karani wake alicheka puani, kisha akajifanya anakohoa.

"Na ukuta je?"

"Ukuta naujua. Wakaguzi wa usafi wanakuja Ijumaa. Wakishaondoka, tutautazama."

"Ukiwaangukia watoto Alhamisi?"

"Usituletee uchuro hapa."

"Uchuro umeuchimba mwenyewe, tena kwa mikono ya watoto wetu!"

Kumbe alijua. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Ningemsamehe kutojua, lakini aliupima ukuta na kombe, akachagua kombe.

Nilitoka moja kwa moja hadi darasani, nikashika dawati la binti yangu upande mmoja, naye akashika wa pili. Mwenzangu wa kisomo, muuza mkaa, alikuwa akipita njiani.

"Shoga, unahama?"

"Nahamisha watoto. Ukuta huu hautungoji."

Hakuuliza tena. Alibeba dawati lililofuata, akaita wengine. Mwalimu wa darasa alisimama kwanza mlangoni, maana aliogopa kufukuzwa kazi. Kisha akang'oa ubao ukutani, akatufuata uwanjani.

Mwalimu Fagio alikuja mbio. "Rudisheni! Mnaniharibia uwanja!"

Hakusema watoto. Alisema uwanja.

"Uwanja upi, baba?" muuza mkaa alimjibu. "Wako ulishateremka bondeni. Ufuate huko huko!"

Hatukurudisha hata kiti. Ijumaa wakaguzi walikuta darasa zima likisoma juani. Waliuliza sababu, wakainama kutazama msingi, wakakifunga chumba kwa kufuli. Sasa darasa la tatu linasomea katika ofisi ya walimu, nao walimu wanasahihisha madaftari barazani.

Lakini majembe bado yanaitishwa kila Jumanne. Wangu haendi na jembe. Nimeambiwa atafukuzwa, nami nimejibu kwamba barua ya kumfukuza iandikwe, nitaisoma mwenyewe.

Wewe uliyesoma haya, nenda katazame nyuma ya darasa la mwanao. Kisha mpe mzazi mwenzako asome. Na kama hajui kusoma, keti naye umsomee.