Mwalimu Hajasema Simameni

Mwalimu wao wa karate alifariki Jumanne jioni, katikati ya kipindi, akiwa amewaacha wanafunzi wake saba katika mkao wa farasi: miguu wameitanua, magoti wameyakunja, migongo wima.

"Kaeni hivyo hivyo mpaka niseme simameni," aliwaambia, akatoka nje kupokea simu. Aliyepiga alikuwa amekosea namba. Alimtaka fundi wa kuzibua choo. Mwalimu, ambaye hakujua kumkatia mtu simu, akaanza kumwelekeza namna ya kuzibua. Moyo ukamsimama kabla choo hakijazibuka.

Zogo lilipoanza, wanne walinyooka wakakimbilia nje. Watatu waliobaki, dobi, daktari wa meno na karani wa posta, walitoka pia, lakini magoti yamekunjwa vile vile, wakienda upande upande kama kaa.

Karani, mama wa watoto wawili, alikuwa hajavunja amri ya Mwalimu hata moja kwa miaka kumi na mmoja. Hakuona sababu ya kuanza sasa. Kazini kaunta ilimfika kidevuni, wateja wakawa wanainama kumpa barua. Nyumbani alipika hivyo hivyo. Mumewe alivumilia siku mbili.

"Mke wangu, mtu amekufa. Nani atakwambia simama?"

"Ndilo hilo sasa," akajibu, akaendelea kukoroga.

Ijumaa, siku ya mazishi, watatu hao walijipanga nyuma ya jeneza, mapaja yakitetemeka. Watu wakadhani ni uchungu. Mzee mmoja akawaletea kiti, wakakataa. Waombolezaji walipotawanyika, mjane akawafuata.

"Wanangu, mnaumwa?"

Karani akamweleza. Mjane akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Basi mimi nawaambia: simameni."

Dobi akakohoa. "Utatusamehe, mama, lakini wewe huna mkanda."

Mjane akaweka mkoba chini, akamshika dobi ukosi, na kufumba na kufumbua dobi yuko chali kwenye majani, miguu imenyooka.

"Miaka thelathini na mbili," mjane akasema, akijipangusa mikono, "mlidhani kila mbinu mpya alikuwa anaijaribu kwa nani?"

Daktari wa meno akasimama bila kungoja zamu yake. Karani akabaki vile vile.

"Na wewe? Magoti yamekaza?"

"Hapana, mama. Nikiwa hivi, bado yuko nje anaongea na simu. Nikisimama..."

Mjane hakumshika ukosi. Alivua viatu, akapandisha sketi, akakunja magoti kando yake. Wakakaa hivyo wawili, wakitazama udongo mbichi. Dobi na daktari wakaona haya, wakaenda kusubiri langoni.

"Alikuwa anakutaja sana nyumbani," mjane akasema. "Eti teke lako ni kama la mtu anayezima sigara."

"Mimi aliniambia limeiva!"

"Alikudanganya. Hakuweza kukuvunja moyo."

Karani akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kile kilichogoma kutoka tangu Jumanne, cha makamasi na kwikwi. Mtu hawezi kulia namna ile akiwa amechuchumaa nusu. Akanyooka, magoti yakialika kama kuni kavu, akajifuta uso kwa kiganja.

Mjane akamnyooshea mkono.

"Nivute na mimi basi, mwanangu. Nimekwama."