Usaili wa Lugha Mbili

Jumatatu saa mbili asubuhi, karani wa idara ya kompyuta alikuwa akipangusa vumbi kwenye mashine ya kudurufu, zikaingia lugha mbili za programu kuomba kazi ya kufundishia mwaka wa kwanza. Akazipa daftari la wageni zisaini. Ile kongwe, yenye koti na tai, iliweka nukta-mkato baada ya jina, baada ya tarehe na baada ya sahihi. Ile changa, yenye kandambili, iliacha nafasi nne, ikaandika jina tu.

"Ketini," karani alisema. "Mkuu anamalizia chai."

Kwenye benchi alikuwapo Mama Vifungo, fundi cherehani wa miaka arobaini na mitatu, aliyekuja kuomba kurudia somo alilofeli. Wanawe walishamwambia aachane na mambo ya vijana. Yeye alitaka programu moja tu maishani: ya kukata sare bila kutupa vitambaa.

Chai ya mkuu ilikuwa ndefu, basi Mama Vifungo akawauliza wageni wale wawili jinsi ya kuiandika. Kongwe ilimtaka kwanza atangaze kitambaa ni cha aina gani, kimeshikwa na nani, kwa ruhusa ya nani. Alipofika mabano ya tatu akawa amesahau alichotaka. Changa ikamwambia, "Mama, nieleze tu unavyofanya na mkasi." Akaeleza. Robo saa baadaye mashine ya kudurufu, ambayo haikuwa imewashwa, ikatoa karatasi yenye vipimo vya sare themanini. Karani akaigonga muhuri, maana kila karatasi ya ofisi hugongwa muhuri.

Usaili ulichukua dakika tano. Mkuu alichagua kongwe.

"Lakini mwalimu, hii nyingine nimeielewa," Mama Vifungo alisema.

"Ndiyo shida yenyewe, mama. Ikieleweka kwa robo saa, muhula mzima tutafundisha nini?"

Mkuu alipoondoka, karani akamnong'oneza Mama Vifungo, "Haijui hiyo changa. Na kujifunza mbele ya watu anaona haya."

Changa haikununa. Ilipewa kiti kwenye stoo ya mafagio, na wanafunzi wakawa wanaipangia foleni wakati wa mapumziko. Ijumaa moja Mama Vifungo alimkuta mkuu humo, kavua viatu, kalamu mkononi, meno yote nje.

"Funga mlango, mama. Na usimwambie mtu."

Akafunga. Akavuta ndoo, akaketi, akamwonyesha mstari aliokosea.

"Ahsante, mwalimu," mkuu alisema.

Darasani mkuu aliendelea kusoma maandishi yake ya miaka ishirini na miwili, na wote wakanakili. Muhula ulipoisha Mama Vifungo alifeli tena, safari hii kwa alama mbili. Mkuu ndiye aliyesahihisha. Pembeni aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba jibu ni sahihi ila lugha siyo. Chini yake, kwa penseli, alimwuliza kama Ijumaa atapata muda amweleweshe ukurasa wa tisa wa jibu hilo.