Bustani Nyuma ya Matangi

Mkungu ukitaka kumwaga majani, huyageuza mekundu kwanza. Wetu uliyamwaga mabichi. Asubuhi ile nilimkuta Mwanatatu ameinama chini yake, anayaokota na kuyatia katika leso, polepole, kana kwamba yangeweza kurudishwa matawini. Mumewe, Ahmad, alikuwa ameketi kwenye benchi anamtazama, mkono wake wa kulia umelala pajani kama kitu alichoachiwa na mtu mwingine.

"Kanze, hebu njoo unuse," Mwanatatu aliniambia.

Alininyoshea gao la udongo. Ulinuka mafuta ya taa.

Bustani ile ilianza kwa sababu ya Ahmad. Alikuwa dereva wa kreni bandarini, mtu aliyezoea kuitazama Mombasa nzima kutoka juu, hadi kiharusi kilipomwangusha na kumlaza katika chumba ambacho dirisha lake latazama ukuta. Hapa kwetu Changamwe nyumba zimebanana. Nyuma yetu ni matangi ya mafuta, mbele ni malori. Katikati palikuwa na uwanja uliogeuzwa jaa. Mwanatatu, mzaliwa wa Mtongwe, aliyekulia penye mashamba na upepo, alitoka siku moja na reki na gunia, akaanza kuzoa taka. Nilipomuuliza afanya nini, alisema anatafuta mahali pa kuweka kiti.

Nikaacha cherehani yangu, nikamsaidia. Wakaja akina mama wa kanisani kwetu, wakaja vijana wa msikitini. Lenox, fundi wa malori, alituletea udongo mwekundu kutoka Mazeras kila alipopata gari la kulijaribu njiani. Tulipanda mikungu, miarobaini na asumini. Tuliunda kikundi, nami nikafanywa mwenyekiti, nadhani kwa vile sauti yangu hufika mbali.

Katika bustani hiyo Ahmad alijifunza kutembea upya. Kwanza alitoka benchini hadi kwenye mkungu, akiburuta mguu, watoto wakimfuata kimya kana kwamba yeye ndiye anayewafundisha. Baadaye akauzunguka uwanja mzima. Na hapo ndipo ulimi wake ulipofunguka. Neno lake la kwanza lilikuwa "maji", akimwonyesha mkewe mche uliosinyaa. Mwanatatu aliketi chini kwenye mchanga akalia, sisi wengine tukajifanya tunafagia.

Kwa hiyo tuliponusa ule udongo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Masika yalikuwa yametoka kupita. Lenox alichimba shimo karibu na ukuta wa matangi. Maji yalipanda taratibu, na juu yake palitanda utando wa rangi rangi, mzuri wa kutazama. Lenox ameshika mafuta maisha yake yote. Alichovya kidole, akanusa, akakipangusa kwenye suruali.

"Haya hayakumwagika juu," alisema. "Yatoka chini huko."

Tulikwenda ofisini kwa wenye matangi. Tukaelekezwa ofisi nyingine, na huko tukaambiwa aliyehusika yuko safari. Mwishowe walikuja watu waliovaa buti, wakachota udongo kwenye chupa, wakatuambia tusiingie mpaka majibu yatoke. Tuliwauliza yatatoka lini. Mmoja wao, kijana mpole, alinijibu, "Mama, nami sijui," na nilimwamini.

Tulifanya tulilolijua: tulimwagilia. Mwanatatu alinunua maji ya mkokoteni akayamimina kwenye mashina, asubuhi na jioni, akisoma dua. Mikungu iliendelea kupukutika. Asumini ilikauka ikiwa na maua yake.

Kisha binti ya Caroline, jirani yangu, akaanguka akicheza pale. Alitapika, macho yakamgeuka. Zahanatini walimtibu akazinduka, lakini Caroline alirudi na uso ambao sikuwahi kumwona nao. Jioni hiyo kikundi kilikutana mlangoni pangu. Mtu mmoja akakumbusha kuwa vijana huvutia sigara pale, na nyuma ya ukuta kuna matangi. Hakukuwa na ubishi. Tungeizungushia bustani mabati wenyewe. Nikatumwa kumwambia Mwanatatu.

Alinisikiliza akimlisha mumewe uji.

"Na yeye n'tampeleka wapi?" aliuliza.

Nilisema, "Si sisi tuliotaka, dada."

"Najua. Ndiyo maana sina wa kumlaumu." Alimpangusa Ahmad kidevu. "Nipe nyundo moja. Sitaki nifungiwe na watu."

Kesho yake tulizungushia mabati. Mwanatatu aligongomea misumari bila kupumzika. Ahmad alikuwa ametangulia, kama kawaida yake, ameketi kwenye benchi. Tulimwacha kwa mwisho, kila mmoja akitumai mwenzake ndiye atakayemwendea. Lilipobaki pengo la mtu mmoja kupita, mkewe aliweka nyundo chini.

"Twende nyumbani, Ahmad."

Hakutikisika. Lenox alijaribu kumwinua kwapani. Ahmad akalishika benchi kwa mkono wake mzima, ule wa kreni. Sikudhani kuwa bado alikuwa na nguvu kiasi kile. Mwanatatu alipiga magoti akaanza kumbandua vidole, kimoja baada ya kingine, na kila alichokibandua kilirudi. Ahmad hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, mwenyekiti.

"Nimekosa nini?" aliuliza, maneno yakitoka mazito lakini yote kamili.

Nilimwambia hajakosa kitu. Nilipiga magoti nami, nikaushika mkono ule, nikasaidia kuubandua.

Mwaka wa pili sasa. Majibu ya udongo hayajatoka. Nimekwenda kuyaulizia hadi mabawabu wananiamkia kwa jina. Mabati yameanza kutu, na kutoka barabarani huonekana matawi makavu tu. Caroline amehamia Mishomoroni na binti yake. Ahmad hatembei tena. Hakuna aliyemkataza, ila chumbani hamna pa kwendea.

Juma lililopita nilikwenda kuwajulia hali. Mwanatatu alikuwa amefungua lile dirisha linalotazama ukuta, amesimama ameinua uso.

"Kanze, nambie kweli," alisema. "Bado panuka? Pua yangu imezoea, siwezi kujua tena."

Nilisogea nikasimama kando yake. Nilivuta pumzi.

"Panuka," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa, akafunga dirisha. Kisha akaniomba nimsaidie kumgeuza Ahmad, alale ubavu wa pili. Mimi nikashika miguu, yeye akashika mabega.